Damu Mbili, Kondo Moja: Historia Fupi ya Forodha kati ya Mama na Mtoto

Kiswahili kina neno ambalo wengi wetu tuliokulia ughaibuni hatukulisikia nyumbani: kiungamwana. Ni ile kamba inayotoka kwenye tumbo la mtoto asiyezaliwa bado na kwenda hadi kwenye kondo la nyuma. Nyumbani tulizoea kusema kitovu tu, kamba na alama yake vikiitwa kwa jina moja. Lakini kiungamwana ni neno linalojieleza lenyewe: ni kile kinachomuunga mwana. Aliyelitunga alijua kwamba mwana ameungwa na mama yake. Wanasayansi nao walichukua zaidi ya miaka 400 kueleza ameungwaje, na ni vitu gani vinavyopita kati ya wawili hao.

Katika makala haya nitalifuata swali moja katika historia hiyo: je, damu ya mama na damu ya mtoto aliye tumboni ni damu moja? Kwanza watu walidhani ni moja, na kondo ni bomba. Baadaye ilithibitishwa kuwa ni mbili, na wengi wakaruka upande wa pili, wakadhani kondo ni ukuta. Kosa hilo la pili liliwadhuru maelfu ya watoto. Hoja yangu ni kwamba kondo si bomba wala si ukuta, bali ni forodha: kuna bidhaa zinazopita, kuna zinazozuiwa, kuna zinazobebwa kwa mikono hadi ng'ambo, na kuna magendo. Nitaonyesha pia kwamba mara nyingi sayansi ilipiga hatua pale mtu alipowasikiliza akina mama, au alipowaangalia kwa makini.

Bomba la Galen

Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, alifundisha kwamba mishipa ya mama inaungana na mishipa ya mtoto ndani ya mfuko wa uzazi. Kwa maoni yake damu ya mama ilitiririka moja kwa moja hadi kwa mtoto. Vitabu vyake vilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, na kwa zaidi ya miaka 1,000 waganga wa Mashariki na Magharibi walimsoma yeye. Si ajabu kwamba wazo lake lilidumu. Ukiona kondo lililojaa damu na kamba inayotoka humo, jambo la kwanza utakalofikiri ni bomba.

Mwaka 1559 mpasuaji wa Kiitalia Realdo Colombo alilipa kondo jina la placenta, neno la Kilatini lenye maana ya mkate bapa, kwa sababu ya umbo lake. Miaka 5 baadaye, mwaka 1564, Giulio Cesare Aranzi wa Bologna aliandika kwamba mishipa ya mama na ya mtoto haiungani. Hakuwa na hadubini. Alikuwa na kisu na macho yake, na kwa vyombo hivyo ilikuwa vigumu kumshawishi mtu aliyekwisha kumwamini Galen.

Kisha akaja William Harvey, Mwingereza aliyeeleza mzunguko wa damu mwaka 1628. Mfalme Charles wa Kwanza alimruhusu kupasua kulungu wenye mimba waliowindwa katika mbuga za kifalme, na mwaka 1651 Harvey alichapisha kitabu kuhusu uzazi wa wanyama. Humo alikubaliana na Aranzi, tena akauliza swali lililowasumbua wasomi kwa vizazi kadhaa. Mtoto aliyezaliwa akiwa bado ndani ya utando wake anaweza kukaa hai kwa muda bila kupumua. Lakini mtoto huyo akishavuta pumzi mara moja, hawezi tena kuishi bila hewa. Kwa nini? Mtu anayeelea majini miezi 9 anapata wapi pumzi?

Tunaweza kulipanga tatizo hilo hivi. Ikiwa damu ni moja, swali la Harvey lina jibu rahisi: mama anapumua kwa ajili ya wote wawili na damu yake inamfikia mtoto. Ikiwa damu ni mbili, basi lazima kuwe na mahali ambapo kitu kinatoka katika damu moja na kuingia katika nyingine bila damu zenyewe kuchanganyika. Ilibidi mtu athibitishe kwanza kwamba ni mbili.

Nta ya mwaka 1754

Uthibitisho ulipatikana London, katika mwili wa mwanamke aliyefariki mimba yake ikiwa imekaribia kukomaa. Mwaka 1754 daktari mmoja, Colin Mackenzie, alijaza nta ya rangi katika mishipa ya mfuko wa uzazi wa marehemu huyo. Alipoona nta imeingia kwenye kondo kwa namna asiyoielewa, alimwita John Hunter aje kutazama. John alikuwa mdogo wake William Hunter, mkunga mashuhuri ambaye baadaye alimhudumia Malkia Charlotte. Walichokiona ni kwamba nta iliyotiwa upande wa mama ilijaa katika nafasi zilizo ndani ya kondo, lakini haikuingia katika mishipa ya mtoto.

Leo tunaweza kuelewa umbo hilo kwa kukumbuka mikoko ya pwani. Mishipa ya mtoto hugawanyika ndani ya kondo kuwa matawi madogo madogo, mfano wa mizizi ya mkoko. Damu ya mama hutoka katika mishipa yake na kumwagika katika nafasi zinazoizunguka mizizi hiyo, kama maji ya bahari yanapojaa. Mizizi imezama katika maji, lakini maji ya bahari hayatiririki ndani ya mti. Kinachoingia mtini hupita kwenye ganda la mzizi.

Ndugu hao wawili waliishia kugombana kuhusu nani aliyegundua. William alilieleza jambo hilo katika mihadhara yake na katika kitabu chake kikubwa cha picha za mfuko wa uzazi wenye mimba, kilichotoka mwaka 1774 kikiwa na michoro 34. Mwaka 1780 John alipeleka andiko kwa Royal Society akidai kwamba ugunduzi ulikuwa wake. William alipinga kwa barua, na undugu wao ukaharibika. Makusanyo ya William sasa yako Glasgow, katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1807.

Historia imehifadhi ugomvi wa ndugu hao, barua zao na tarehe zao. Haikuhifadhi jina la mwanamke wa mwaka 1754, wala majina ya wanawake waliochorwa katika kitabu cha 1774. Hakuna aliyewauliza kama walikubali, na namna miili yao ilivyopatikana bado inajadiliwa na wanahistoria. Michoro yenyewe inasifiwa kwa usahihi wake: mtoto anaonekana amelala kichwa chini, kila unywele mahali pake, lakini mama amekatwa mapajani na kiunoni kama nyama ya buchani. Nadhani ni haki kusema kwamba walimu wa kwanza wa somo hili ni wanawake hao, japo hawamo katika orodha ya waandishi.

Mapafu yaliyo tumboni

Baada ya damu kutenganishwa, swali la Harvey lilirudi kwa nguvu. Tayari mwaka 1674 John Mayow wa Oxford alikuwa ametoa jibu ambalo lilitangulia wakati wake. Alisema kondo lisiitwe ini la mfuko wa uzazi, bali mapafu yake, kwa sababu kazi yake si kumpa mtoto chakula peke yake. Inampa pia kile kitu cha hewani kinachodumisha uhai. Oksijeni yenyewe haikujulikana hadi miaka ya 1770. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1876, ambapo Paul Zweifel nchini Ujerumani alichunguza kwa mwanga damu ya kiungamwana cha watoto waliokuwa wanazaliwa, kabla hawajavuta pumzi ya kwanza. Alikuta damu hiyo tayari imebeba oksijeni. Kwa kuwa mtoto alikuwa hajapumua, oksijeni hiyo ilitoka kwa mama kupitia kondo.

Lakini kiasi gani? Mtu aliyelishughulikia swali hilo kwa bidii zaidi ni Joseph Barcroft wa Cambridge. Awali alikuwa amepanda milima mirefu, pamoja na ile ya Peru, ili kupima jinsi damu inavyofanya kazi penye hewa haba. Katika miaka ya 1930, akiwa amevuka umri wa miaka 60, aligeukia kondoo wenye mimba. Kondoo alitiwa dawa ya usingizi, mwanakondoo akatolewa na kuwekwa katika maji ya chumvi yenye joto huku kiungamwana kikiwa hakijakatwa, kisha damu ya pande zote mbili ikapimwa. Vipimo vilionyesha kwamba oksijeni katika damu ya mtoto ni haba sana ikilinganishwa na ya mama. Ndipo ukazuka usemi kwamba mtoto tumboni anaishi kama mtu aliye juu ya Mlima Everest.

Basi mtoto anawezaje kukua huko mlimani? Sehemu ya jibu ni himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Mtoto aliye tumboni ana himoglobini ya aina yake, na hiyo huikamata oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya mama. Damu mbili zinapokaribiana kwenye kondo, ya mtoto huvuta na ya mama huachilia. Wakati huohuo hewa chafu ya kabonidioksaidi huelekea upande wa pili, na mama huitoa kwa pumzi yake. Ni biashara ya pande zote mbili.

Baadaye, katika miaka ya 1960, watafiti wa Marekani walijifunza kuacha mirija myembamba ndani ya mishipa ya kondoo na mwanakondoo, wakawaacha wapone, kisha wakapima mama akiwa amesimama anakula. Ilionekana kwamba hali ya mtoto ni nzuri kuliko ilivyodhaniwa. Upasuaji na dawa ya usingizi vilikuwa vimeharibu sehemu ya vipimo vya awali. Everest ilipungua urefu kidogo.

Somo hili la himoglobini linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa njia ya pekee. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa Brooklyn alitambua kwamba watoto wenye ugonjwa wa selimundu hawaumwi katika miezi ya kwanza ya maisha kwa sababu bado wana himoglobini ile ya tumboni. Inapopungua ndipo maumivu huanza. Tangu hapo watafiti walijiuliza: tukiweza kuirudisha je? Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba inayohariri chembe za uboho wa mgonjwa ili zianze tena kutengeneza himoglobini hiyo. Gharama yake ni kubwa mno, na wagonjwa wengi wa selimundu wako Afrika, si Uingereza. Swali lililoanza na kulungu wa mfalme limefika hadi kwenye familia zetu, lakini tiba yenyewe bado haijafika huko.

Ukuta uliobomoka

Turudi nyuma kidogo. Kufikia katikati ya karne ya 20 madaktari walijua kwamba damu hazichanganyiki, na wengi walipumzika juu ya elimu hiyo. Walilichukulia kondo kama ngome: oksijeni na chakula vinaingia, sumu na maradhi vinabaki nje. Watu wawili walioibomoa dhana hiyo walianzia kwa akina mama.

Wa kwanza ni Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney. Mwaka 1941 alishangaa kuona watoto wachanga wengi mno wenye mtoto wa jicho, ugonjwa tunaoujua zaidi kwa wazee. Inasimuliwa kwamba aliwasikia akina mama wakizungumza katika chumba cha kusubiria, wakiambiana kwamba waliugua rubela walipokuwa na mimba changa. Gregg hakuyapuuza mazungumzo hayo. Alikusanya habari za watoto 78, zake na za madaktari wenzake, akakuta kwamba mama 68 kati yao waliugua rubela wakiwa wajawazito. Kwa mama ugonjwa huo ni vipele na homa ndogo ya siku chache. Kwa kijusi ni upofu, uziwi na moyo wenye kasoro. Baadhi ya wakubwa wa tiba walitilia shaka kwa miaka kadhaa, lakini Gregg alikuwa amesema kweli: virusi vilikuwa vimepita forodhani.

Fundisho hilo halikuenea haraka. Oktoba 1957 kampuni moja ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, na mwaka uliofuata ikaingia katika maduka ya dawa ya Uingereza. Ilisifiwa kuwa salama, na wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu cha asubuhi. Kisha wakaanza kuzaliwa watoto wenye mikono mifupi au wasio na mikono kabisa. Mwishoni mwa mwaka 1961 Widukind Lenz mjini Hamburg na William McBride mjini Sydney, kila mmoja kwa njia yake, waliihusisha dawa hiyo na ulemavu huo. Lenz alikwenda nyumba kwa nyumba akiwauliza wazazi kila kitu walichotumia wakati wa mimba. Dawa iliondolewa sokoni, lakini zaidi ya watoto 10,000 duniani walikuwa tayari wameathirika.

Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu ya Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa wa serikali, aliyekataa kuidhinisha thalidomaidi bila ushahidi zaidi. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishiriki katika utafiti wa dawa za malaria, na huko waliona kwamba kijusi cha sungura hakiwezi kuivunja kwinini kama mama yake anavyoweza. Kwa hiyo alijua mambo mawili ambayo wauzaji hawakuyazingatia: dawa inaweza kuvuka, na ng'ambo ya pili inamkuta mtu mwingine, mwenye mwili wa namna nyingine.

Kisumu na Kampala

Sasa tuje upande wetu wa dunia, kwa sababu baadhi ya kurasa muhimu za historia hii ziliandikwa Afrika Mashariki.

Kila anayekwenda kliniki ya wajawazito Kenya au Tanzania anajua kwamba malaria na mimba havipatani. Jambo la ajabu ni kwamba mama aliyekulia penye malaria huwa amejenga kinga, lakini akishika mimba ya kwanza anaugua upya, kana kwamba mwili umesahau. Mwaka 1938 P. C. C. Garnham, daktari wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, alieleza jinsi kondo linavyojaa vimelea vya malaria hata pale ambapo mama haonekani kuwa mgonjwa sana. Kwa nini wajikusanye hapo?

Jibu lilitoka Kisumu. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walichapisha utafiti wa kondo za wanawake wa magharibi mwa Kenya. Waligundua kwamba vimelea vya humo vinashikamana na kemikali moja, kondroitini salfeti A, iliyopo juu ya matawi ya kondo. Vimelea vya mtu asiye na mimba kwa kawaida havina tabia hiyo. Kondo linapoota, ni bandari mpya inayofunguliwa, na aina nyingine ya vimelea hutia nanga. Mama wa mimba ya kwanza hana kingamwili dhidi yao. Aliyezaa mara kadhaa anazo. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba kingamwili za wanawake waliozaa mara kadhaa huzuia vimelea visishike. Kazi ya namna hiyo iliendelea baadaye Muheza, mkoani Tanga.

Tazama kwamba hapa tatizo kubwa si kuvuka. Vimelea vingi hubaki upande wa mama, lakini vinaziba gati. Chakula na oksijeni havipiti vizuri, mama anapungukiwa damu, na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Ndiyo sababu kliniki huwapa wajawazito vidonge vya SP kwa vipindi, na chandarua chenye dawa, hata kama hawana homa.

Ukurasa wa pili ni wa Kampala. Virusi vya UKIMWI vilipojulikana, watu wengi waliamini kwamba mama mwenye virusi lazima azae mtoto mwenye virusi, maana mtoto ni damu yake. Hapo wazo la Galen lilirudi bila kujitambulisha. Ukweli ni kwamba hata kabla ya dawa, watoto wengi wa mama hao walizaliwa bila virusi, na sehemu kubwa ya maambukizi ilitokea wakati wa kujifungua. Mwaka 1994 utafiti wa Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba dawa ya AZT ilishusha maambukizi kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Lakini matibabu hayo yalikuwa marefu na ghali. Mwaka 1999 utafiti uliofanywa Kampala ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na moja kwa mtoto, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu kuliko dozi fupi ya AZT. Leo kuna dawa bora zaidi, na mama anayezitumia vizuri ana nafasi kubwa sana ya kumpata mtoto asiye na virusi. Wanawake wa Uganda waliokubali kushiriki, wakati unyanyapaa ulikuwa mkali, walisaidia kuokoa watoto wa nchi nyingi.

Kinachobebwa, na kinachorudi

Forodha si mahali pa hatari tu. Kuna bidhaa ambazo kondo huzibeba kwa makusudi. Mfano mkubwa ni kingamwili za mama. Ni molekuli kubwa, haziwezi kupenya zenyewe. Kondo huzishika upande mmoja na kuzivusha upande wa pili, hasa katika wiki za mwisho. Mtoto aliyetimiza miezi yake anaweza kuzaliwa na kiasi kikubwa kuliko cha mama mwenyewe. Hivyo ndivyo ile sindano ya pepopunda wanayochomwa wajawazito inavyofanya kazi. Mwaka 1961 ulichapishwa utafiti wa Papua New Guinea ulioonyesha kwamba mama akichanjwa vya kutosha, mchanga wake analindwa dhidi ya pepopunda ya kitovu. Anachanjwa mmoja, wanalindwa wawili.

Bidhaa nyingine hurudi kwa mama. Damu ya mtoto yenye alama ya Rhesus ikivuja kidogo kuingia kwa mama asiye na alama hiyo, hasa wakati wa kujifungua, mwili wa mama huunda kingamwili ambazo katika mimba inayofuata huvuka na kushambulia damu ya mtoto. Katika miaka ya 1960 timu za Liverpool na New York ziligundua sindano ya kuzuia hali hiyo. Nayo pia ilifungua macho: damu mbili hazichanganyiki, lakini matone machache hupotea njia.

Habari ya ajabu kuliko zote ilianza mwaka 1893. Georg Schmorl wa Leipzig alichunguza maiti za wanawake 17 waliofariki kwa kifafa cha mimba, akakuta chembe za kondo ndani ya mapafu yao. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1996, Diana Bianchi na wenzake Marekani walitafuta chembe zenye kromosomu Y, ambayo kwa kawaida ni ya wanaume, katika damu ya wanawake waliowahi kuwa na mimba za watoto wa kiume. Walizikuta hata kwa mama aliyejifungua miaka 27 nyuma. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya mtoto vinaelea katika damu ya mjamzito. Ndiyo maana leo sampuli ya damu ya mkono wa mama inaweza kutoa habari za mtoto bila kumgusa mtoto.

Kwa nini historia hii ituhusu

Katika jamii nyingi za kwetu mtu hutaja nyumbani kwao kwa kusema kitovu chake kilizikwa huko. Sisi tuliozaliwa katika hospitali za ughaibuni tunatatizika kidogo na usemi huo, kwa sababu kondo zetu hazikuzikwa popote tunapopajua. Bibi yangu wa Tanga aliwahi kuniuliza, kwa utani wa nusu, kama nina kwetu kweli. Baada ya kusoma habari za mwaka 1996 nimepata cha kumjibu: huenda baadhi ya chembe zetu bado ziko mwilini mwa mama zetu. Kwa maana hiyo, kwetu si mbali.

Lakini nisingependa historia hii ibaki kuwa ya kupendeza tu. Kila kizazi kilipojifunza kwamba kitu fulani huvuka, jamii ilipata pia jambo jipya la kumlaumu mama: amekula nini, amekunywa nini, kwa nini aliugua. Akina mama waliomeza thalidomaidi walipewa na madaktari au waliinunua dukani kihalali, na bado wengi waliishi na hatia isiyo yao. Forodha haina maana ya kumfanya mama kuwa mhalifu wa magendo. Maana yake ni kwamba afya ya mtoto huanza na haki za mama: chandarua, chanjo, dawa iliyopimwa kwa ajili ya wajawazito, na daktari anayesikiliza. Hadi leo wajawazito huachwa nje ya majaribio mengi ya dawa kwa hofu ya kuwadhuru, kisha hupewa dawa hizo bila ushahidi wa kutosha. Hiyo si tahadhari. Ni kuhamisha jaribio kutoka maabara hadi nyumbani.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Gregg alipata ugunduzi wake kwa sababu aliamini kwamba mzazi anajua kitu. Lenz aliupata kwa kuuliza mlangoni. Duffy na Fried waliupata kwa sababu wanawake wa Kisumu walikubali kondo zao zichunguzwe, jambo ambalo si dogo mahali ambapo kondo huzikwa kwa heshima. Tukirudi kwa mwanamke wa mwaka 1754, hatuwezi tena kumuuliza jina lake. Tunaweza kuhakikisha kwamba wanaokuja baada yake wanaulizwa, na wakijibu, wanaaminiwa.